Kuvua mikokoni kwa mara ya kwanza: Nyamisati, mlango wa Ruvu au Saadani? Bajeti ndogo

MvuviWaMtera
Habari za jioni wakuu. Mimi na wenzangu tumezoea kuvua perege na kambale bwawani, sasa tunataka kujaribu ndoana kwenye mikoko ya pwani. Tumebaki na sehemu tatu: delta ya Rufiji kupitia Nyamisati, mlango wa mto Ruvu pale Bagamoyo, au Wami upande wa Saadani. Hakuna kati yetu aliyewahi kukanyaga hata moja. Kuna nahodha wa Nyamisati tumepewa namba yake, anataka advansi kabla ya Ijumaa ili atushikie boti. Wapi kuna samaki na wapi ni nafuu? Naomba wenye uzoefu mnisaidie.

MndengerekoWaSalale
Nyamisati, wala usihangaike na kwingine. Delta ya Rufiji ndiyo yenye mikoko mingi kuliko sehemu yoyote Afrika Mashariki, na palipo na mikoko ndipo samaki wanapokulia. Utapata changu, chewa, kolekole, mkizi, na jioni hongwe mpaka uchoke kuwatoa kwenye ndoana. Magari ya Mbagala Rangi Tatu, Dar, yapo kwa sababu ya abiria wa kivuko cha Mafia. Mnashuka gatini, boti iko hapo hapo. Karibuni sana nyumbani.

MzeeBahari
Kijana, hujatuambia kitu. Mko wangapi? Mnatokea wapi? Mwezi gani? Mnalala huko au mnarudi siku hiyo hiyo? Mnajua kuogelea? Na bajeti ndogo ni kiasi gani? Kuna ambaye ndogo kwake ni elfu hamsini, na kuna ambaye ndogo ni milioni. Jibu kwanza, ushauri utafuata.

MvuviWaMtera
Samahani mzee wangu, shikamoo. Tuko wanne, tunatokea Dodoma. Tunataka kulala usiku mmoja. Fimbo tunazo mbili na mishipi ya mkono. Kuogelea, wawili tunajua.

BiKaole
Wawili kati ya wanne! Basi Bagamoyo. Mjini kuna gesti za kila bei, hospitali ya wilaya iko karibu, na mkitaka boti mnazungumza na wavuvi pale pale sokoni asubuhi wakishusha samaki. Mnakwenda mlango wa Ruvu mnavua, jioni mnarudi kulala kitandani. Delta ya Rufiji ukishaingia ndani, simu zinakata na maji ya kunywa mnabeba wenyewe, maana visiwa vya mbele visima vyake vina chumvi. Kwa watu wasioijua bahari, hilo si la kuanzia.

MndengerekoWaSalale
Bi Kaole, kwa heshima, mlango wa Ruvu una nyavu kila kona. Ndoana itashika nini? Na viboko wa Ruvu umewasahau?

BiKaole
Viboko wako Rufiji pia kaka yangu, na mamba. Tusidanganyane.

MndengerekoWaSalale
Wako juu kwenye maji baridi. Huku chini kwenye chumvi huwaoni mara kwa mara.

Chubwi
"Mara kwa mara" hiyo ndiyo inayoua watu. Ila mimi sitaki kuongelea mamba, nataka kuongelea maji, maana MvuviWaMtera anatoka bwawani na maji ya bwawa hayajai wala hayapwi kama ya bahari.

Tulikwenda delta kundi la watu watano, tukakodi boti ya faiba kwa nahodha mmoja tuliyeunganishwa naye kwa simu, kama nyinyi. Ilikuwa bamvua, siku za maji kujaa sana na kupwa sana, mwezi mpya. Tukaondoka saa kumi na mbili asubuhi, maji yameshaanza kushuka. Tukamuuliza, mbona maji yanaondoka na sisi tunaingia ndani? Akasema mkondo ule ana miaka anaupita. Akatuingiza kwenye kijito chembamba, mikoko pande zote, akasema hapa ndipo penye chewa. Kisha ukaja mtumbwi, akahamisha vidumu viwili vya petroli, akapanda, akasema anapeleka mzigo kijiji cha pili na anarudi sasa hivi. Akatuachia kijana wa kama miaka kumi na sita.

Saa mbili na nusu boti ikagusa chini. Saa tatu imelala ubavu. Tumepwelewa katikati ya tope. Mwenzetu mmoja akashuka asukume, akazama mpaka mapajani, na alipoivuta miguu akaikwaruza kwenye chaza walioganda mizizini, nyayo zikachanika vibaya. Kijana akatoa ubao wa kukalia akaulaza juu ya tope ndipo tukamvuta. Jua likapanda. Maji ya kunywa yalikuwa lita sita, watu sita. Pale chini ya mikoko hakuna upepo kabisa na tope linanuka yai viza, na kaa wadogo wanatoka mashimoni wanakuangalia.

Boti ilielea tena karibu saa nane mchana. Tukawasha mashine, ikanguruma dakika chache ikazima. Petroli imekwisha, maana ile ya akiba ndiyo iliyoondoka na mtumbwi. Tukapiga pondo, ule mti mrefu wa kusukumia boti, lakini maji yanayojaa yanakusukuma ndani zaidi. Jua lilipotua wakaja usubi, halafu mbu. Nahodha alitokea usiku na mtumbwi na tochi, na neno lake la kwanza lilikuwa kuuliza tumepata samaki wangapi. Hela hakurudisha. Mmoja wetu alilazwa kwa malaria baada ya wiki mbili.

Kwa hiyo advansi kwa mtu usiyemjua, kwa simu, mimi nasema hapana.

MzeeBahari
Pole sana, Chubwi. Hilo lingeweza kuzuilika kwa kuangalia mwezi tu. MvuviWaMtera, shika hili kabla ya kushika ndoana. Mwezi mpya na mwezi mpevu ni bamvua: maji yanajaa sana na kupwa sana, tofauti yake pwani yetu inapita mita tatu. Siku hizo maji hujaa kwenye saa kumi, alfajiri na alasiri, na hupwa kwenye saa nne, asubuhi na usiku. Kila siku inayofuata yanachelewa karibu saa moja. Ndani ya vijito yanachelewa zaidi kuliko baharini. Nusu mwezi ni maji mafu, yanapanda na kushuka kidogo, mkondo ni mpole. Mgeni aende maji mafu. Samaki hawali kwa fujo kama bamvua, lakini hapwelewi.

Na ingieni kijitoni maji yakiwa yanajaa, siyo yakitoka. Mkigusa chini wakati maji yanapanda, mnasubiri kidogo yanawanyanyua. Mkigusa yakishuka, mmelala hapo.

Bado hujataja mwezi na hujataja hela.

MvuviWaMtera
Asante sana mzee, hili la maji hatukulijua kabisa. Tarehe ni sikukuu ya Muungano, 26 Aprili, kwa sababu ndipo wote tuna nafasi. Hela ni laki nne, wote wanne.

MndengerekoWaSalale
Aprili?! Mkuu, mimi ndiye ninayewaita Nyamisati lakini Aprili msije. Ni masika katikati. Kipande cha barabara cha Bungu hadi Nyamisati mvua ikinyesha kinateleza, na mto unashusha maji ya tope mpaka mlangoni, chumvi inasukumwa nje na samaki wa ndoana wanaifuata. Aprili 2024 Rufiji na Kibiti zilizama kwa mafuriko, watu walikuwa wanaokolewa kwa boti juu ya mashamba. Mwezi uliofuata kikapita kimbunga Hidaya. Njooni Oktoba. Upepo wa kusi umelala, wa kaskazi haujaanza, bahari shwari.

BiKaole
Kwa Aprili hata Ruvu maji ni ya kahawia. Hapo nakubaliana na kaka. Tarehe 14 Oktoba nayo ni sikukuu, Siku ya Nyerere, mngeisogeza huko.

HesabuKwanza
Tupige hesabu. Treni ya SGR Dodoma hadi Dar daraja la kawaida ilitangazwa 31,000 kwa mtu. Kwenda na kurudi watu wanne ni 248,000. Kwenye laki nne imebaki 152,000 na hamjafika hata Mbagala. Mtoe nauli za Nyamisati, chakula, barafu na pa kulala. Boti mtaikodi kwa hela gani? Mashine ya HP 15 ukiikaza inakula lita sita hivi kwa saa, na delta si mahali pa kuzunguka saa moja. Basi la kawaida linaweza kupunguza kidogo, lakini bado. Kwa hela hiyo jibu ni Bagamoyo bila boti ya mashine, au mchange zaidi.

MvuviWaMtera
Mmoja wetu ana gari, Noah. Nilisahau kusema.

HesabuKwanza
Mkuu, hilo ni la kusema mwanzo! Basi hesabu yote inabadilika. Gari lina hali gani? Aprili kwenye tope Noah itawatoa jasho.

TembeaSaadani
Saadani naona mmeiruka. Ni nzuri sana kuangalia, ndiyo hifadhi ya taifa yetu pekee inayogusa Bahari ya Hindi, tembo na bahari mahali pamoja. Lakini ni hifadhi tangu 2005, ina viingilio na masharti, usidhani unaingia na fimbo unajitupia ndoana Wami popote. Kwa lengo lenu na hela zenu, iondoeni.

KipiniYangu
Hamjambo nyote. Mimi ni wa huku Tana, Kenya. Mnagombana kuhusu Rufiji na Ruvu na hamjaonja Kipini. Pale mto Tana unapoingia Ungwana mnavua hata kwa mguu ufuoni, hela ya mashine haitoki. Mgeni anakaribishwa na chai kabla ya kuulizwa jina. Ndugu wa Dodoma najua ni mbali, lakini siku mkivuka mpaka mnikumbuke.

MndengerekoWaSalale
Kipini hamna meli ya vita ya Königsberg lakini. Huku Wajerumani walijificha mikokoni tangu 1914 mpaka Waingereza wakaipiga Julai 1915. Wazee wetu wanakuonyesha mpaka ilipokuwa.

KipiniYangu
Mzinga wake mmoja tunao sisi, uko Fort Jesus, Mombasa. Njooni mwuone.

MzeeBahari
Turudi kwa vijana. Chambo mtatumia nini?

MvuviWaMtera
Tulifikiria minyoo, kama bwawani.

MndengerekoWaSalale
Minyoo ya shamba acha nyumbani. Kamba mzima, anayerukaruka, ndiye chambo cha mikokoni. Unamchoma mkiani asife upesi. Chewa akimwona hawezi kuvumilia.

Chubwi
Kamba wanaliwa na vidagaa kabla mkubwa hajafika, kila dakika unavuta ndoana tupu. Kata mkizi vipande na ngozi yake, vinadumu.

MndengerekoWaSalale
Kipande cha mkizi kinaita hongwe tu.

Chubwi
Hongwe si samaki? Weka nazi na ukwaju, uniambie.

BiKaole
Hongwe kwa mgeni ni hatari, semeni na hilo. Ana miiba mitatu, mmoja mgongoni na miwili mbavuni, ina sumu na imechongoka kama msumeno. Usimshike kwa mkono. Mkanyage kwa kiatu kigumu, vunja miiba kwa koleo, ndipo utoe ndoana. Akikuchoma, loweka mkono kwenye maji ya moto unayoweza kuyavumilia, maumivu yanapungua, kisha nenda hospitali. Mume wangu alichomwa kidoleni na kilivimba wiki nzima. Na kama mnategemea tengesi, fungeni waya mbele ya ndoana, meno yake yanakata nailoni yoyote.

MzeeBahari
Bi Kaole amesema vyema. Ongezeni jaketi za kujiokolea nne, siyo mbili. Anayejua kuogelea naye anavaa. Viatu vya raba vinavyofungwa kamba, maana ndala zitabaki topeni. Maji ya kunywa lita tano kwa kila mtu kwa siku. Chandarua. Na msikate mkoko hata mmoja kwa kuni, ile ni misitu ya hifadhi. Mkifika, kwanza mpite kwa afisa uvuvi na watu wa BMU, kile kikundi cha kusimamia uvuvi cha kijiji. Mtaulizia kibali cha kuvua kwa ndoana, na hao hao ndio wanaomjua nahodha mwaminifu na asiye mwaminifu.

MvuviWaMtera
Nashukuru wote kwa moyo. Nimewasomea wenzangu. Wawili bado wanataka Nyamisati hata Aprili, wanasema nahodha amewahakikishia barabara ni nzuri. Mmoja anataka Bagamoyo. Mimi nimeanza kuitamani Oktoba, lakini mwenye gari Oktoba hana likizo. Advansi nimeomba anisubiri mpaka Jumatatu.

MndengerekoWaSalale
Niambie kwa ujumbe wa pembeni nahodha huyo anafungia boti yake kijiji gani. Nina ndugu kwenye BMU, nitamuuliza kama anamfahamu na kama boti ina nanga, pondo na petroli ya akiba. Usitume hata senti kabla sijakujibu.

Chubwi
Na muulize nahodha mwezi wa tarehe 26 utakuwaje. Kama ni bamvua na bado anawaita, huo ndio ushahidi wangu kwamba si wa kuaminika.

MvuviWaMtera
Nimekutumia, kaka. Nimempigia nahodha sasa hivi, simu haipatikani. Nitajaribu tena usiku.

KaaKokoKigamboni
Samahani kuingilia uzi. MndengerekoWaSalale, kaa koko wa huko kwenu mnawapelekaje soko la samaki la Feri, Dar, wakafika wazima? Wangu wanakufa nusu njiani kila safari.

MndengerekoWaSalale
Unawafunga magando kwa kamba ya ukindu au unawamwaga tu kwenye ndoo? Usiwaweke ndani ya maji, watakosa hewa. Tenga, majani mabichi ya mkoko chini na juu, gunia lililoloweshwa maji ya chumvi, kivulini. Kila ukisimama, nyunyiza.

KaaKokoKigamboni
Huwa nawaweka kwenye ndoo ya maji. Maji ya chumvi kutoka kijitoni au ya baharini yanafaa yote?