Naomba ushauri: mdogo wangu anasahau tangu aumie kichwa

Habari zenu ndugu zangu. Mdogo wangu alipata ajali ya bodaboda mwaka jana, damu ikavilia kichwani, akafanyiwa upasuaji. Sasa anatembea na kuongea vizuri. Ya utotoni anayakumbuka yote, ila ya asubuhi hii hayapo: anaweza kurudia dawa za kifafa mara mbili, au kuacha jiko la gesi linawaka. Tumejaribu daftari na alamu ya simu. Daftari analisahau, alamu anaizima, kisha hajui ilikuwa ya nini. Majirani wanasema anajifanya, na hilo linamuumiza sana.

Mliopitia haya, dawa mnazisimamiaje bila kumfanya ajione mtoto? Na kwa Dar, mtaalamu wa tiba kwa vitendo wa kumfundisha mbinu za kukumbuka tutampata wapi?