Picha za tovuti kaziita kutoka C:\ ya mashine yake, halafu eti SEVA YANGU ndiyo mbovu!

Wakuu, leo salamu sina. Yule bwana mnamjua, wa "mbona kwangu inafanya kazi".

Jana usiku kanirushia mradi, uwe hewani kabla ya asubuhi. Nafungua ukurasa: picha hakuna hata moja, mapengo matupu kama mdomo wa kibogoyo. Nachungulia HTML, msimbo wa ukurasa, nakutana na dude hili:

src="C:\Users\user\Desktop\mradi mpya FINAL 2\picha\Logo.PNG"

Desktop! Ya kwake! Yaani mteja afungue tovuti, kivinjari chake kianze kunyata kwenye mashine ya jamaa kama mwizi wa kuku!

Nampigia. "Seva yako mbovu, mimi naziona." ANAZIONA! Amezilalia, ataachaje kuziona?

Nikabadilisha zote kwa mkono, /picha/Logo.PNG. Bado 404, faili halipatikani. Kumbe faili lenyewe ni logo.png. Windows haijali herufi kubwa na ndogo, Linux ya seva yangu inajali. Saa tisa usiku nakimbizana na herufi, masikioni nasikia "seva yako mbovu". Mimi!

Kibuyu: Pole mkuu. Ila na wewe hiyo slashi ya mwanzo inaanzia mzizi wa tovuti. Siku wakiihamishia ndani ya /duka/, zote chali.

Mwenye uzi: Nimekuuliza?

Mpiga Debe: 😂😂 Mwenye seva mbovu kakasirika.

Bi Mkubwa: Afadhali wako. Wangu kaweka ../../../../ kila mahali (kila ../ ni kupanda folda moja), nikisogeza faili folda moja tu naanza kuhesabu nukta kwa vidole kama mtoto wa chekechea.

Kibuyu: Si mweke tu <base href> juu, anwani zote za ukurasa zihesabiwe kuanzia hapo, yaishe.

Bi Mkubwa: Koma! Niliiweka, viungo vyangu vyote vya #juu, vya kurukia ndani ya ukurasa uleule, vikawa vinawatupa watu ukurasa wa mwanzo.

Jongoo: Nyie mnalilia picha. Mimi include za PHP, za faili moja kuita jingine: faili likiitwa kutoka folda nyingine, halioni wenzake. Siku mbili, mpaka nilipoweka __DIR__, inayotaja folda ya faili lenyewe.

Mpiga Debe: Siku mbili kwa __DIR__? Jongoo kweli.

Mwenye uzi: Jamani, tulikuwa kwenye desktopu ya huyu bwana.

Jongoo: Hivi, FINAL 1 anayo nani?