Wauza spea wa Mwanza mnatuuzia sponji mnaita raba ya Landrover, maji yamejaa miguuni!

Wakuu habari zenu. Wiki ya tatu hii navumilia, leo nimeshindwa, naandika nikiwa na hasira kwaiyo mnisamehe kama nitarukaruka.

Nina Landrover Series III, ile ndefu ya 109, ya mwaka 1978, niliachiwa na marehemu mzee wangu. Ameizungukia Magu na Kwimba yote misimu ya pamba, sisi watoto tumekaa nyuma juu ya magunia. Injini nzima, giaboksi nzima, chesisi nimeipiga brashi ya waya na rangi mwenyewe kwa mikono yangu. Shida ilikuwa moja tu, mvua ikinyesha maji yanaingia miguuni, na nilijua kwanini, raba za kuziba maji milangoni na kwenye kioo zilikuwa za zamani zimekauka, ukizigusa zinakatika kama biskuti.

Nikaenda duka moja la spea hapa mjini, jina silitaji. Jamaa akaniambia "boss hii seti nzima, OG, imetoka Uingereza, funga usahau". Laki tatu na themanini. Ndani kuna raba za milango miwili ya mbele, za mlango wa nyuma, ile inayokaa chini ya fremu ya kioo cha mbele, na za vile vifuniko viwili vya hewa vilivyo chini ya kioo, vile unavyofungua kwa kusukuma rungu la kwenye dashbodi upepo ukupige usoni. Fundi wa Nyakato akachukua laki na ishirini ya kufunga. Jumla laki tano kamili, hela niliyojichanga tangu Januari.

Alhamisi moja nikamfuata mama Magu nimlete kliniki. Ana miaka 74, anatembelea fimbo. Tumefika Kisesa mvua ikashuka, ile ya kwetu isiyo na salamu, na kabla hatujafika Igoma nasikia mama anasema "baba, mbona miguu yangu iko kwenye maji?" Naangalia, maji yanashuka kutoka chini ya kile kifuniko cha hewa upande wake, sio matone, ni mstari kabisa kama bomba lililofungwa vibaya, yanampiga magotini yanashuka kwenye sakafu, viatu vimelowa mpaka kwenye vifundo. Akatoa khanga kwenye mkoba akaanza kufuta dashbodi ya gari ya mume wake. Hakulalamika hata neno moja na hilo ndilo lililoniuma kuliko hela.

Nimerudi nyumbani nikatoa mikeka yote nikaanza kuchunguza. Wenye gari hizi niwaambie kitu, angalieni rangi ya maji. Yakiwa masafi yametoka juu, kwenye kioo, vifuniko vya hewa au milango. Yakiwa na tope yametoka chini, kwasababu sakafu ya mbele ya Series ni mabamba yanayofungwa kwa skrubu pamoja na kile kifuniko cha juu ya giaboksi, kama maungio hayajapakwa kitu cha kuziba basi kila dimbwi unalopita linakuja kukusalimia, na ile raba ya kwenye gia ikichanika ndo kabisa. Yangu yalikuwa masafi kama ya kunywa. Nikamweka mdogo wangu ndani na tochi mimi nikashika mpira wa maji nje, nikaanza kumwagia chini napanda juu taratibu, maana ukianzia juu maji yanatiririka kila mahali hutajua yanakoingilia. Milango ikavuja kidogo. Nilipofika kwenye vifuniko vya hewa mdogo wangu akapiga kelele.

Nikafungua kifuniko. Ile "OG" ni sponji. Sponji la kawaida lenye matundu yaliyo wazi, limepakwa weusi. Nikakata kipande cha kidole nikakitumbukiza kwenye kikombe cha maji usiku, asubuhi nakikamua kinatoa maji kama dodoki. Sasa niambieni, kitu kinachofyonza maji kinazuiaje maji? Raba ya kazi hii inatakiwa iwe na vitundu vilivyojifunga kila kimoja peke yake, maji yasipite, na iwe ile aina wanaita EPDM ambayo jua haliichani upesi. Sisi tupo karibu kabisa na ikweta, zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, jua la hapa halina mchezo na raba. Hizi za milango zina wiki sita tu na tayari zina nyufa ndogondogo ukizikunja.

Na fundi naye ana kesi yake. Raba ya mlango wa Landrover inashikwa na ukanda wa bati unaopigwa ribiti. Yeye ameitupa ile mikanda, amebandika kwa supaglu juu ya gundi ya zamani bila hata kukwangua! Supaglu ikikauka inakuwa kama kioo, mlango wa gari hiyo ukiugonga mara kumi raba inabanduka yenyewe. Nimefunga mlango na karatasi ya daftari katikati nikaivuta, imetoka bila kushikwa na chochote kuanzia bawaba mpaka chini. Kipimo cha bure kabisa hicho, karatasi inatakiwa ing'ang'anie.

Nikamrudishia gari. Mnajua alifanya nini? Akachukua silikoni ya madirisha ya nyumba, ile inayonuka siki, akamimina kwenye fremu yote ya kioo. Nilimkuta ameshamaliza. Wakuu ile harufu ya siki ni asidi inatoka wakati silikoni inakauka, inakula chuma, na ukiifungia juu ya kutu ndo umeilisha kutu. Alafu ananiambia "mkuu usiwe na wasiwasi, Landrover ni aluminiamu haiozi".

Hili neno ndilo linaloua gari za watu hapa Kanda ya Ziwa. Ni kweli mabati ya nje ni aluminiamu, walianza hivyo 1948 kwasababu chuma kilikuwa cha mgao Uingereza baada ya vita. Lakini ule ukuta wa kati ya injini na miguu ya dereva ni CHUMA. Pale unapoweka miguu ni CHUMA. Fremu za milango chuma, chesisi chuma. Na aluminiamu ikigusana na chuma huku kuna unyevu yenyewe inaanza kuliwa, inatoa unga mweupe rangi inavimba. Maji yakiachwa yatuame miguuni utakanyaga breki siku moja utoboe sakafu, na ukuta ule ukioza sana kuutengeneza sio kuchomelea kiraka tu, ni kung'oa nusu ya gari.

Nimempigia muuzaji. Mara ya kwanza "boss raba ni raba tu, labda fundi wako". Mara ya pili nikamtumia video ya kikombe, akaiona, kimya. Jana ameniblock. Nimeenda dukani mwenyewe na risiti, kijana wa kaunta ananiambia mzigo uliofunguliwa haurudi. Sasa nitajuaje ni sponji bila kufungua??

Ninachotaka ni laki tatu na themanini yangu. Risiti ninayo, kipande ninacho, video ninayo, na Jumatatu narudi pale na mdogo wangu kama shahidi, wakinikatalia naenda mbele ya sheria.

Wakati huo silikoni nimeshaanza kuitoa kwa wembe na kitambaa, kidogo kidogo, chini yake kutu tayari ya njano. Nitakwangua mpaka chuma kitupu, nipige praima, rangi, ndo nifikirie raba.

Mwenye raba za kweli za vile vifuniko viwili na ya chini ya kioo, awe Arusha, Dar au hata Nairobi, anicheki. Ila kabla ya bei anitumie video, kipande kiko kwenye maji usiku kucha, asubuhi akikamue nione.