Barua ya OM: soseji na mboga ni kisanduku gani kwenye FT-2?

Rehema, Jumatano saa 4:05 usiku

Wapendwa, habari za wiki.

Nisaidieni kabla ya Ijumaa. Nimekuta barua ya OM, ofisi inayosimamia jengo, imesukumwa chini ya mlango, ni kuhusu kengele ya moshi ya jana. Ndiyo, ni mimi. Jengo zima lilishuka nje kwenye baridi kwa sababu ya soseji nne.

Ilivyokuwa: nimetoka kazini saa 2 usiku, njaa inauma. Nikachukua kikaango kimoja, soseji, viazi viwili, karoti, kitunguu, nusu pilipili hoho. Nikakatakata, nikatia vyote kwa mpigo, moto nikaupandisha mpaka mwisho ili niwahi kulala. Haikufika dakika ya sita nikaona wingu. Kugeuka kutafuta kitambaa, kengele hiyo. Nilipofika chini watu walishanitangulia, mmoja kabeba kichanga, na mimi mwiko bado mkononi. Sikuwa na pa kuuficha.

Sasa fomu yao ya kueleza tukio, FT-2, sehemu C: "Aina ya upishi, weka alama moja tu." Visanduku ni kuchemsha, kuoka, kukaanga kwa mafuta mengi, nyingine. Nilitia vijiko viwili! Nikiweka "mafuta mengi" nimejichongea, kifungu cha 9 mnakijua. Nikiweka "nyingine" wanataka maelezo, na nafasi yenyewe ni mstari mmoja. Niweke kipi?

Na swali dogo la pili: watu mnapikaje hiki kitu bila moshi?

Rehema

Juma K., Jumatano saa 4:31 usiku

Dada Rehema pole sana. Ila FT-2 haipo tena, siku hizi ni FT-2B, ina sehemu D pia. Angalia chini kushoto kwa maandishi madogo. Ukijaza ya zamani wanairudisha, na siku zako 14 zinaendelea kuhesabiwa. Mimi walinirudishia mara mbili kwa mkate ulioungua, MKATE, na hapo fomu yangu ilikuwa imekamilika na saini zote mbili.

Mama Neema, Alhamisi saa 12:10 asubuhi

Mwanangu Rehema, pole. Kengele haina kosa, kosa ni haraka. Kila kitu kwenye kikaango kina zamu yake, wewe umeingiza wote mlango mmoja.

Viazi vikate vidogo, kama ukucha wa kidole gumba. Vioshe mpaka maji yaache weupe, kisha vikaushe kwa kitambaa. Hapo ndipo vijana mnaposhindwa, mnavitoa majini mnavitupa kwenye mafuta. Kiazi chenye maji kikikutana na mafuta ya moto kinarusha, na lile tone likiangukia kwenye jiko lililoiva ndio moshi wako. Anza na viazi peke yao, moto wa kati, vijiko viwili hivyo hivyo. Funika dakika tano viive kwa mvuke wao, halafu funua na uviache. Usivikoroge-koroge. Kiazi kikishashika rangi chini kinajiachia chenyewe. Kikiwa kimeng'ang'ania, bado, usikibandue kwa nguvu utaacha ganda lote kwenye kikaango.

Visukume pembeni, leta soseji ulizokata vipande. Zitatoa mafuta yake, usiongeze mengine. Zikishika rangi tia karoti, kisha hoho na kitunguu. Kitunguu kina sukari, kinaungua kabla kiazi hakijajua kama kimeingia jikoni. Kitunguu saumu dakika ya mwisho. Chumvi kidogo sana, soseji ina yake. Yote hayo dakika 25. Dakika sita ulikuwa unakimbilia wapi?

Fomu siziwezi, mwanangu mkubwa ndiye hunijazia.

Baraka, Alhamisi saa 1:48 asubuhi

> Zikishika rangi tia karoti, kisha hoho na kitunguu.

Shikamoo Mama Neema. Kwa heshima zote, karoti haiwezi kuingia baada ya soseji. Karoti ni ngumu kama kiazi, inaingia naye pamoja, la sivyo utatafuna mbichi. Labda uikwangue.

Na hakuna aliyesema ukubwa wa kikaango! Rehema, chako kina upana gani? Ukijaza vitu vikapandiana, maji yanashindwa kutoka, vinachemka badala ya kukaangika. Mtu akiona havishiki rangi anaongeza moto. Maji yakiisha ghafla, kila kitu kinaungua kwa pamoja. Nakuambia hicho ndicho kilichotokea. Rangi ile ya kahawia haiji mpaka uso wa chakula upite nyuzi 140 hivi, na palipo na maji joto haliendi mbali na 100. Kuna Mfaransa aliitwa Maillard alilieleza hili tangu 1912, si maneno yangu.

Mama Neema, Alhamisi saa 2:02 asubuhi

Marahaba Baraka. Mimi karoti naikata nyembamba kama shilingi, haihitaji Mfaransa.

Mzee Salehe, Alhamisi saa 3:20 asubuhi

Nawasalimu wote. Nimefanya umeme wa majengo miaka 31, niruhusuni nirudi kwenye kengele maana mmehamia kwenye karoti.

Kengele za moshi za majumbani ni za aina mbili kubwa. Moja ina chembe ndogo mno ya elementi nururifu, amerisiamu-241. Hiyo ni hodari kwa moto wa ghafla wenye chembechembe ndogo ndogo, na bahati mbaya kikaango cha moto nacho hutoa chembe hizo hizo, wakati mwingine hata kabla jicho halijaona moshi. Aina ya pili hutumia mwanga, hiyo ni nzuri kwa moshi mzito wa kitu kinachofukuta taratibu, na haisumbuliwi sana na mapishi. Rehema, uliza yako ni ipi.

La pili: iko umbali gani na jiko? NFPA, shirika la Marekani la kinga dhidi ya moto, wanasema angalau mita 3. La tatu: kifaa hicho hakidumu milele, baada ya miaka 10 tangu kitengenezwe kinapaswa kubadilishwa. Tarehe imeandikwa nyuma. Ikiwa imepita, andika hilo kwenye fomu, na uliandike kabla ya kusema lolote la soseji.

Juma K., Alhamisi saa 3:34 asubuhi

Mzee Salehe heshima yako, lakini OM hawafuati NFPA. Na kuitoa kengele ukaangalie nyuma ni kuigusa, kuigusa ni fomu nyingine tena, FT-5. Usimtie dada wa watu matatani.

Mzee Salehe, Alhamisi saa 3:41 asubuhi

Sikusema aitoe, nimesema tarehe iko nyuma. Amwite fundi wao aitoe yeye. Na moshi hausomi fomu, kijana wangu.

Mwanaidi, Alhamisi saa 6:15 mchana

Mimi zamani nilikuwa naivalisha soksi kengele nikipika. Nasema tu, msinishambulie.

Mzee Salehe, Alhamisi saa 6:19 mchana

Binti, usirudie tena. Siku utakayoisahau hiyo soksi ukalala! Bora chakula kiungue kila siku.

Na kwa kuwa tumefika hapo: mafuta yakishika moto kikaangoni, zima jiko, funika kwa mfuniko wa chuma, kiache hapo hapo kipoe. Usimwagie maji, mafuta yatalipuka na kusambaa. Wala usikibebe kukimbilia nje. Nimeingia jikoni kwa watu waliokibeba, nimeona mapazia yalivyokuwa.

Farida, Alhamisi saa 8:50 mchana

Samahani, mnajadili kengele wakati hatari iko kwenye sahani. WHO walishatangaza 2015 kwamba soseji ni sawa na sigara. Dada Rehema weka mboga tu, hakuna moshi, hakuna saratani, hakuna FT-2.

Baraka, Alhamisi saa 9:05 alasiri

Farida, hawakusema sawa na sigara. IARC, shirika la WHO la utafiti wa saratani, waliiweka nyama iliyosindikwa kundi la kwanza, ambamo sigara imo pia, lakini kundi linaonyesha uhakika wa ushahidi, si ukubwa wa hatari. Walichosema ni gramu 50 kila siku huongeza hatari ya saratani ya utumbo mpana kwa asilimia 18 hivi. Kila siku. Rehema amekula soseji Jumanne, na tena hakuzila, zilibaki juu wakati yeye yuko chini na mwiko.

Hatari ya jioni ile ni soseji mbichi ndani na nyeusi nje. Za ng'ombe au nguruwe zifike nyuzi 71 katikati, za kuku 74. Kipimajoto kidogo cha kuchoma kinamaliza ubishi. Asiye nacho afanye hivi: soseji nzima, maji robo kikombe kikaangoni, funika dakika nane, funua maji yakauke, ndipo zikaangike kwa mafuta yake. Ndani zimeshaiva, nje unatafuta rangi tu, na moto hauhitaji kupanda. Kata vipande baadaye.

Mwanaidi, Alhamisi saa 9:22 alasiri

Unazitoboa kwanza kwa uma au hutoboi?

Baraka, Alhamisi saa 9:24 alasiri

Hutoboi. Mafuta yanatoka yote, unabaki na kitu kikavu, na mafuta yenyewe yanarukia jiko. Moto mdogo haupasui soseji.

Juma K., Alhamisi saa 9:30 alasiri

Natoboa miaka yote na hakijatokea kitu.

Baraka, Alhamisi saa 9:31 alasiri

Juma wewe umeunguza mkate.

Daudi, Alhamisi saa 3:40 usiku

Nimewasoma tangu asubuhi nikiwa kazini, leo nimecheka peke yangu mpaka mwenzangu akaniuliza nina nini.

Lakini kuna kitu kimenikaa. Dada Rehema kasema "viazi viwili". Mimi nilipokuja huku shida yangu haikuwa lugha wala OM, ilikuwa kupimia mtu mmoja. Nimekulia nyumba ambayo anayepika haulizwi wangapi watakula. Hapa nilikuwa nakaanga viazi sita, nakula viwili, vingine vinakaa kwenye friji siku tatu, natupa kwa aibu. Siku nilipokata viazi viwili tu, vikatosha, nikasimama pale jikoni nikasema basi, nimeshakuwa mtu wa huku. Haikuwa furaha.

Kumbe vilivyobaki ndivyo vitamu zaidi. Viazi vilivyochemshwa jana vikalala kwenye friji vinakauka vizuri, ukivikaanga leo vinashika rangi upesi wala havirushi. Rehema, chemsha vya siku mbili Jumapili. Ukitoka kazini kazi ni soseji na hoho, dakika 12 uko mezani.

Na swali kwa wote: hivi kweli kwa kodi tunayolipa sisi hawa watu wanashindwa kuweka feni ya kuvuta moshi jikoni? Lakini tukipiga kura, wangapi hapa tunaruhusiwa? Na kule nyumbani nako

Msimamizi, Alhamisi saa 3:52 usiku

Daudi, ujumbe wako umekatika au umejikata mwenyewe, kwa vyovyote tuuache hapo. Tulikubaliana siasa ni Jumamosi. Turudi kwenye mada.

Farida, Alhamisi saa 4:01 usiku

Feni siyo siasa.

Rehema, Alhamisi saa 5:16 usiku

Asanteni jamani, shangazi, wazee, kaka zangu. Leo nimepika tena, na dirisha wazi. Viazi nimevikausha kwa kitambaa kama alivyosema Mama Neema (kitambaa kimeloa chepe, sikujua vina maji yote yale!), karoti nimeiingiza na viazi kama alivyosema Baraka ila nyembamba kama alivyosema Mama, kwa hiyo msigombane. Soseji nimezianza na maji, sikutoboa. Moto wa kati mwanzo mpaka mwisho. Kilichonishangaza ni sauti. Jumanne kikaango kilikuwa kinapiga kelele, leo kilikuwa kinanong'ona tu, na kila nilipotaka kukoroga nilikaa juu ya mkono wangu. Mwishoni nikachimba vishimo viwili katikati ya viazi nikavunjia mayai, nikafunika dakika tatu. Chini kumekuwa na ganda la kahawia, nimelila kwa vidole nimesimama.

Kengele kimya. Nimeipima umbali kwa hatua, haifiki mita 2 kutoka jikoni. Tarehe sijaiona, fundi anakuja Jumatatu.

Lakini fomu ni kesho. Na Juma, nimeangalia chini kushoto, yangu ni FT-2 bila B. Sasa sehemu C naweka kipi? "Nyingine"?

Juma K., Alhamisi saa 5:20 usiku

Bila B? Basi walikuletea ya jengo la zamani. Hapo waombe wakubadilishie fomu kwanza kabla hujajaza chochote.

Mwanaidi, Alhamisi saa 5:33 usiku

Rehema hayo mayai, ulitumia mfuniko wa kioo au wa chuma? Wangu wa kioo unashika mvuke unadondokea juu ya kiini kinakuwa cheupe.

Mama Neema, Ijumaa saa 12:04 asubuhi

Weka kitambaa kikavu ndani ya mfuniko, Mwanaidi, ncha zake zikunje juu zisiguse jiko. Tusije tukajaza fomu nyingine.