Mdogo wangu kabadilika, nitajuaje kama ni madawa?

dada_mkubwa
Habari zenu wakuu, naombeni mawazo maana kichwa kimejaa. Nina mdogo wangu wa kiume, miaka 22, naishi nae. Zamani alikuwa mtu wa stori, akiwepo nyumba nzima inajua, sasa kama miezi minne hivi kawa mtu mwingine kabisa. Anajifungia chumbani, simu ikiita anatoka nje kuongea, marafiki zake wa zamani siwaoni tena, kuna wengine hata majina siwajui wanapiga mluzi tu getini hawaingii. Kakonda. Joto lote hili anavaa shati la mikono mirefu. Hela zinapungua kidogokidogo, mwanzo nikajua nimehesabu vibaya, juzi spika ndogo haionekani na yeye ndo alikuwa wa kwanza kunisaidia kuitafuta!! Nikimuuliza anakuwa mkali mpaka naogopa. Mama anasema ni mapenzi, yatapita. Mimi nimemchunguza macho hayajawa mekundu ndo maana nasita, sitaki kumsingizia.

Kigingi
Pole dada. Hiyo ya macho mekundu ndo inawapoteza wengi, hiyo sana sana ni bangi, na hata usingizi mdogo unaleta. Wa unga, yaani heroini, we cheki mboni, ile nyeusi ya katikati, inakuwa ndogo kama kichwa cha pini hata kama yuko sehemu yenye giza. Halafu anasinzia akiwa amekaa, kichwa kinashuka taratibuu, ukimshtua anakwambia silali nawaza tu, na kujikuna hakuishi. Wa kokeini na zile za kuchangamsha ni kinyume, mboni zinatanuka, halali, anaongea kama redio, zikimwishia analala kama gunia. Chumbani angalia foili zilizoungua, kijiko cheusi kwa chini, mirija ya kalamu isiyo na wino.

zamu_ya_usiku
Mimi ni muuguzi, naongezea hapo ila na kupinga kidogo. Dalili moja moja haisemi kitu. Kijana mwenye sonona nae anajifungia, anakonda, anafoka, na mikono mirefu wengine wanaficha majeraha ya kujikata wenyewe. Kisukari nacho kinakondesha. Kwa hiyo dada usiangalie dalili tu, angalia na SAA. Mtu aliyezoea heroini ikipita kama saa 8 mpaka 24 hajapata, arosto inaanza: miayo mfululizo, makamasi, machozi, jasho, vinyweleo vinasimama, tumbo linavuruga, miguu haitulii. Ukimuona utasema mafua makali. Sasa akitoka nusu saa akarudi mzima kabisa anacheka, jiulize ni mafua gani yanaponea getini.

Na kutumia sio lazima awe teja. Madaktari wana vigezo 11, kama kuhitaji dozi kubwa kuliko mwanzo, kujaribu kuacha ukashindwa, kutelekeza vitu ulivyokuwa unavipenda, kuendelea huku unaona kabisa unaharibikiwa. Viwili ndani ya miezi 12 tayari ni tatizo, kuanzia 6 ni kali. Kipimo cha mkojo hakikwambii hayo, kinasema tu kuna kitu kimeingia mwilini, tena heroini baada ya siku chache haionekani wakati bangi kwa mtumiaji wa kila siku inakaa hata wiki kadhaa.

mtu_mzima
Mnazunguka sana. Mfungieni ndani wiki mbili, akitoka kapona.

miaka6_safi
Mkuu hapo umeteleza, tena vibaya. Mimi nilifungiwa, siku 12. Arosto ikaisha kweli, kila mtu akashangilia, siku ya kutoka nikaenda moja kwa moja kijiweni nikapiga kipimo kilekile cha zamani, na mwili ulishakisahau, wenzangu waliniokota midomo imekuwa ya bluu nakoroma. Wengi wanafia hapo, siku walizotoka "wamepona". Na kama ni pombe au vidonge vya usingizi, ukimkatisha ghafla anaweza kupata degedege akafa. Dada ukikuta hali hiyo ya kukoroma haamki, mlaze ubavu, hospitali haraka na mwambie daktari ukweli, kama ni unga kuna dawa ya naloksoni inamrudisha.

Hiyo ya kukusaidia kutafuta spika imenichekesha na kuniumiza, mimi nilitafuta pete ya mama yangu mpaka chini ya kabati wakati nimeshaiuza. Wakati wa kumuuliza usichague akiwa na arosto wala akiwa na stimu, hakusikii. Muwe wawili tu. Usimuulize unatumia nini, mwambie ulichokiona, spika, hela, kukonda, halafu nyamaza. Mimi aliyeninyamazia ndo niliyemwambia ukweli, nikaenda kuanzishiwa methadoni, dawa ya hospitali ya kutuliza arosto ya unga.

dada_mkubwa
Asanteni sana wote, zamu_ya_usiku nimekusoma nikakaa chini. Siku tatu hizi nimeandika saa. Asubuhi mafua, saa tano anatoka, anarudi anaimba. Siku zote tatu. Mama bado sijamwambia. Jumamosi huwa tunafua pamoja nyuma ya nyumba, nitamuuliza hapo.