Uovu katika fasihi ya Kiswahili umehama kutoka wapi kwenda wapi?

Swali
Wakuu, habari za humu. Naandaa makala kuhusu dhana ya uovu katika fasihi yetu, tangu tendi za Pate, mji wa kale katika visiwa vya Lamu, hadi riwaya za miaka ya 1970. Nimegawa hivi: zamani uovu ni dhambi, enzi ya ukoloni ni tabia mbaya, baada ya uhuru ni unyonyaji. Mgawo huu unasimama? Na ndani ya matini nianze kutazama nini?

Jibu la 1
Kwa kuanzia unafaa, lakini utakukwamisha mapema. Kila kazi iulize maswali matatu: mwovu ni nani, anayeumia ni nani, adhabu inatoka kwa nani. Andika majibu kabla ya kutazama mwaka wa kazi yenyewe, maana ukianza na mwaka utaona tu kile ulichotarajia.

Jaribu na Pate. Katika Utendi wa Tambuka (1728) adui yuko ng'ambo ya uwanja wa vita, ni Herekali, mfalme wa Warumi, na jeshi lake, na upanga ndio unaoamua. Karibu miaka tisini baadaye, Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir anatunga Al-Inkishafi, na hapo jeshi hulioni. Anausemesha moyo wake mwenyewe. Simama kwenye beti za majumba yaliyobomoka. Madaka, yale matundu ya ukutani ambamo matajiri walipanga vyombo vyao vya kaure, sasa yamelaliwa na makinda ya ndege. Hakuna mwizi anayetajwa. Mkosa ni moyo ulioamini kwamba madaka yatabaki yamejaa, na ndiyo maana shairi linaishia kwenye tabaka za Jehanamu. Mji uleule, dini ileile, na uovu umekwishahama. Hiyo "zamani" yako ina vyumba viwili, usiifunge kwa kufuli moja.

Jibu la 2
Naunga mkono, ila naona tatizo kubwa zaidi liko kwenye kipande cha katikati. Kumfanya Shaaban Robert mwandishi wa "tabia mbaya" tu ni kumpunja.

Ni kweli majina yake yanakuvuta huko. Katika Adili na Nduguze, ndugu wawili wanaitwa Hasidi na Mwivu, kwa hiyo msomaji anaujua ubaya wao kabla hawajatenda lolote. Wanageuzwa manyani, na Adili analazimika kuwachapa kila usiku huku akiwaonea huruma. Mwisho wanarudishiwa ubinadamu. Uovu hapa ni kama maradhi: una dawa, na mgonjwa bado ni ndugu.

Sasa weka pembeni yake Kusadikika (1951). Karama anashtakiwa kwa kutaka watu wafundishwe sheria. Anayemshtaki ni Majivuno, jina la tabia tena, lakini Majivuno ana cheo na ana baraza la kumsikiliza. Uovu umevaa joho la serikali, katika nchi inayoelea angani, miaka kumi kabla ya uhuru wa Tanganyika. Dhuluma ya utawala haikungoja 1961 ili iandikwe. Ilijificha kwenye istiara kwa sababu mkoloni alikuwepo.

Jibu la 3
Kwa miaka ya 1970 chukua kazi mbili za mwaka mmoja, 1971. Tamthilia ya Mashetani ya Ebrahim Hussein inawapoteza wengi: wanatafuta majini ya kupungwa, wakati mchezo wa Juma na Kitaru chini ya mbuyu unahusu nani alinyang'anywa na nani amerithi kiti chake. Ukimsoma shetani kidini tu, tamthilia inakufa mkononi. Halafu kuna riwaya ya Rosa Mistika ya Kezilahabi. Hapo hakuna bepari wa kunyooshewa kidole. Kuna Zakaria, baba anayempiga bintiye Rosa kwa barua ya mvulana, na malezi hayohayo yanamwacha Rosa bila kinga akitoka nyumbani. Riwaya ilipigwa marufuku shuleni, jambo linaloonyesha kwamba wakubwa wa wakati ule walikuwa na wazo lao kuhusu uovu ulikokaa.

Kwa unyonyaji ulio wazi nenda Kasri ya Mwinyi Fuad (1978) ya Adam Shafi. Pima jasho la Kijakazi, mtumishi, dhidi ya starehe za bwana wake Fuad, sura kwa sura. Ukatili wa Fuad unatoka kwenye umiliki wa ardhi na watu; hata angekuwa mpole, mpangilio ungebaki uleule.

Jingine, angalia maneno. "Fisadi" wa mashairi ya zamani ni mharibifu wa maadili, mara nyingi mtongozaji wa wake za watu. Leo Tanzania ni mla fedha za umma. Ukinukuu ubeti wa kale wenye neno hilo bila kulieleza, msomaji wako ataona ripoti ya ukaguzi mahali ambapo mshairi aliona kitanda. Tengeneza orodha fupi: dhambi, uovu, dhuluma, unyonyaji, ufisadi. Kila neno lipe mwaka na kazi ulikolikuta, kisha ndipo uchore mipaka ya enzi zako.