Kujifunza Go hapa Dodoma: simu au ubao wa kuchora?

Mgeni wa Area C: Habari zenu wakuu. Go, ule mchezo wa ubao wa kuzingira eneo kwa mawe, imenishika, ila sina mwalimu. Nipakue programu ya simu, au nichore ubao nicheze na mdogo wangu? Na huu ubao wa mistari 19 kwa 19 si mkubwa mno?

Fundi Drafti: Chora. Kata boksi, piga mistari 9 kwa 9, upate makutano 81. Jiwe linakaa kwenye makutano, siyo ndani ya kisanduku. Sisi wa drafti hukosea hapo. Mwanzoni nilitumia vizibo vya soda, mmoja anafunua, mwenzake anafunika. Upepo wa Dodoma ukatuvurugia kila kitu! Sasa natumia kunde na maharage mekundu, 40 kila upande.

Mwanachuo UDOM: Mimi natetea simu. Inakataa hatua isiyoruhusiwa na inakuhesabia eneo, jambo lililonisumbua sana. Kwenye OGS, tovuti ya kucheza Go mtandaoni, unapata wapinzani bure. Ila usianze kwa kupambana na kompyuta: hizi programu zina nguvu mno, AlphaGo ilimfunga bingwa Lee Sedol 4-1 mwaka 2016. Nilikuwa nafungwa bila kujua nimekosea wapi.

Mama Kete: Hapo ndipo mtu anaposhinda simu, anakuambia "hapo umejifunga." Nimemfundisha binti yangu wa miaka tisa. Amezoea bao, kete zinazunguka. Jiwe la Go likiwekwa halihami, linatoka tu likizingirwa likakosa pumzi, yaani makutano matupu yanayopakana nalo. Jiwe moja katikati lina pumzi nne, pembeni tatu, kwenye kona mbili. Wiki ya kwanza tulicheza hivi tu: anayekula kwanza ameshinda. Akashika kuzingira na kukimbia. Ndipo nikamwonyesha macho mawili: kundi lenye nafasi mbili tofauti ndani yake haliliki, kwa sababu adui hawezi kuziba zote kwa mkupuo. Alirukaruka! 19 kwa 19 ina makutano 361, mwache kwanza. Mimi nilianzia huko nikapotea kabisa.

Mgeni wa Area C: Asante mama, boksi nimeshakata. Nani anaanza?

Mama Kete: Mweusi. Mweupe hufidiwa pointi kwa kuanza wa pili, Japani 6.5, China 7.5. Nyie wawili msihangaike nayo bado, pokezaneni rangi.

Fundi Drafti: Jumamosi jioni nipo Nyerere Square na kunde zangu. Mlete na mdogo wako.